Nani Kawapa Mizani ya Kumpima Myahudi Mweusi?

Usinge, hapa mkoani Tabora, hakuna sinagogi. Kuna misikiti, kuna makanisa ya kila jina, kuna stesheni ya reli ya kati, kuna magunia ya mpunga na madumu ya asali yanayosubiri usafiri. Lakini habari za Wayahudi hazikauki vijiweni. Keti benchi hili, utaambiwa Wayahudi ni taifa teule na ukimgusa mmoja wao umejitafutia laana. Hamia benchi la pili, utaambiwa ndio wanaoendesha benki zote na vita vyote vya dunia. Mabenchi haya mawili hayapatani kwa lolote ila kwa moja: yote yanaapa kwamba Myahudi mweusi hayupo, na anayejiita hivyo ni tapeli anayetafuta viza.

Hayupo? Nendeni Mbale, mashariki ya Uganda. Nendeni Kasuku, huko Nyandarua, nchi ya viazi na maziwa ya Kenya. Na kama nauli haitoshi, ishieni Arusha, mji wetu wenyewe, ambako wapo watu wanaoikaribisha Sabato Ijumaa jua linapozama, baadhi yao wakitaja mababu waliotoka Yemen. Wanasali, wanafunga, wanazika, wanalea watoto. Hawajaomba ruhusa ya kijiwe chochote, na hawakupaswa kuiomba.

Nasema hivi kwa sababu kila inapozungumzwa habari ya kuwasaidia Wayahudi wa pembezoni mwa dunia, wale wachache walio mbali na wenzao na wale walioanza juzi, mazungumzo hukimbilia Yerusalemu na New York. Nani atawatambua? Nani atawapa cheti? Nani atawapandisha ndege? Mimi nasema msaada wa kwanza unaanzia kwa jirani wa ukuta wa pili, na msaada wa pili ni kumpa mwenye imani yake vyombo vya kujisimamia hapo hapo alipo. Mengine yote ni nyongeza, na baadhi ya nyongeza hizo ni matusi yaliyofungwa kwa karatasi ya zawadi.

Hebu tuanze nyumbani. Mtu wa Tabora ana ujasiri gani wa kumuuliza mwenzake, "Hii dini yako umeitoa wapi?" Yake yeye imetoka wapi? Uislamu ulifika hapa Unyanyembe, yaani Tabora ya zamani, kwa miguu. Ulikuja na misafara ya kutoka Bagamoyo, na Waarabu wa Omani waliojenga matembe yao Kazeh na Kwihara, na Waswahili wa pwani, na wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka na pembe za ndovu mabegani wakarudi wamevaa kanzu. Ukatoliki ulifuata njia hiyo hiyo mwishoni mwa miaka ya 1870. Waingereza wa London Missionary Society walifungua kituo Urambo, kwa mtemi Mirambo, mwaka 1879. Mwaka 1898 wakawaachia Wamoraviani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo kila treni imeshusha mhubiri mpya. Walokole wengine wamefika kwa basi juzi tu, na leo wana maspika makubwa kuliko msikiti wa Ijumaa.

Kwa hiyo kila aliyeketi kwenye benchi lile la Usinge ni mjukuu au kitukuu wa mtu aliyeamka siku moja akaamua kuacha mizimu ya baba yake na kufuata kitabu kilicholetwa na msafara. Hatuwaiti matapeli. Tunawaita wazee wetu wa dini. Jina zuri hilo linakoma wapi? Linakoma pale mwenzetu alipofungua kitabu kile kile, akasoma nusu yake ya kwanza, akasema: mimi nabaki hapa.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa Mbale. Semei Kakungulu hakufuatwa na mmisionari wa Kiyahudi hata mmoja. Alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda kwa matumaini ya kupewa ufalme, wakampa cheo cha chini na kumpunguza kila mwaka. Kwanza aliingia kwa Wamalaki, kundi la Wakristo waliokataa dawa za hospitali. Kisha akaendelea kusoma Biblia ya Kiluganda, peke yake, kwa ukaidi wake wa kijeshi. Mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Simulizi za Mbale husema aliambiwa kuwa mambo hayo ni ya Wayahudi, naye akajibu kwamba kama ni hivyo basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1920 akapita Myahudi mmoja aliyeitwa Yosef, akakaa naye kama miezi sita, akamfundisha kalenda ya sikukuu na namna ya kuchinja. Msaada mkuu uliotoka nje wakati huo ulikuwa huo: mgeni mmoja, nusu mwaka. Kakungulu akafa mwaka 1928, na jamii ya wafuasi wake, Abayudaya, ikabaki.

Angalia sasa kilichofuata. Miaka ya 1970 Idi Amin alipiga marufuku dini yao. Sinagogi zikafungwa, watu wakasali kwa kujificha, wengi wakasilimu au wakabatizwa ili waishi. Kutoka maelfu wakabaki mia chache. Hao mia chache walishika Sabato katika nchi ambayo kushika Sabato kungeweza kumfikisha mtu kwa askari wa Amin. Ningependa kujua, katika miaka ile, bwana mwenye muhuri wa kuthibitisha nani Myahudi alikuwa ameketi ofisi gani. Maana Amin alipoanguka na njia zikafunguka, mihuri ilijitokeza yote kwa pamoja.

Mwaka 2002 walikuja marabi kutoka nje wakakaa baraza, wakawahoji Abayudaya na kuwazamisha katika maji ya utakaso, mamia yao, ili Uyahudi wao upate hati. Walikubali. Wapo walioona uchungu, kwani walikuwa wamezaliwa na kuzeeka wakijiita Wayahudi, lakini walikubali. Mwaka 2016 Wakala wa Kiyahudi (Jewish Agency), taasisi inayoshughulikia Wayahudi wanaohamia Israel, ukawatambua. Haya, mambo yamekwisha? Hayajakwisha. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ikakataa kumpa mmoja wao haki ya kuhamia huko kwa sheria inayompa kila Myahudi haki hiyo. Na mwishoni mwa mwaka 2017 kijana wa Kasuku aliyekwenda kusoma alizuiwa uwanja wa ndege wa Tel Aviv, viza akiwa nayo, akalala kizuizini, akarudishwa. Watu hawa wanatendewa kama marobota ya tumbaku mbele ya mteuzi asiyependa kununua: leo jani lina unyevu, kesho rangi si yenyewe, keshokutwa njoo na daraja lingine.

Sisi wa ukanda huu tunajua kusubiri karatasi. Ulyankulu si mbali na hapa. Watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walilima ardhi ile, wakazaa, wakazikana, na vyeti vya uraia wakaja kuvishika kwenye miaka ya 2014 na 2015, baada ya zaidi ya miaka 40. Zaidi ya watu 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa uraia kwa mkupuo huo. Muulize yeyote wa Ulyankulu kama karatasi ndiyo iliyomfanya awe mtu wa Tabora. Atakucheka. Lakini muulize pia maisha yalikuwaje bila karatasi, hatakucheka tena. Ndiyo maana sisemi kutambuliwa hakuna maana. Kuna maana kubwa. Ninachokataa ni kumning'inizia mtu utambulisho wake kwenye kamba, kuuvuta juu kila anapokaribia kuushika.

Na asije mtu akaniambia kwamba ukishapandishwa ndege umefika peponi. Mwezi Mei 1991 Israel iliwahamisha Wayahudi wa Ethiopia zaidi ya 14,000 kutoka Addis Ababa kwa muda wa saa 36 hivi. Kazi ya kishujaa, siibezi. Mwaka 1996 ikafichuka kwamba damu waliyokuwa wakijitolea kwenye benki ya damu ilikuwa ikimwagwa kwa siri kwa hofu ya maradhi. Watu waliandamana Yerusalemu, na walikuwa na haki. Wengine walikuwa wametangulia kwa miguu kupitia Sudan: mtu amevuka jangwa, amezika watoto njiani, amefika kwao, damu yake inatupwa. Kwa hiyo anayefikiri kuwasaidia Abayudaya ni kuwatafutia ndege peke yake, akawaulize kwanza wazee wa Kiethiopia.

Nirudi kwa majirani, maana hapo ndipo penye aibu yetu.

Kuna Wakristo wetu wanaopeperusha bendera ya Israel juu ya madhabahu, wanapuliza baragumu la pembe ya kondoo, wanachangishana kwenda kuhiji Yerusalemu. Safi. Lakini mwambie mmoja wao kwamba Arusha kuna Myahudi anaitwa kwa jina la kwetu na anakula ugali, uone uso unavyobadilika. Myahudi anayempenda yeye ni yule wa kwenye kitabu, aliyekwisha kufa. Huyu aliye hai anamtaka kwa sharti moja: abatizwe. Nasema wazi, kumfuata mtu wa jamii ya watu wachache kwa magunia ya mchele na kumnong'oneza kwamba Uyahudi wake utakamilika akimpokea Yesu, huko ni kumwindia mtu kwenye njaa yake. Kama unampenda, mpelekee mchele ukae kimya.

Na kuna wale wa benchi la pili. Vita ya Gaza imewachoma, na ina haki ya kumchoma kila mwenye moyo. Vilevile tarehe 7 Oktoba 2023 ilituchoma sisi Watanzania kwa vijana wetu wawili, Clemence Mtenga na Joshua Mollel, waliokuwa wamekwenda kujifunza kilimo wakauawa. Lakini mkulima wa Mbale hana ndege ya kivita. Mwenye hasira na serikali ya Israel anajua pa kuipeleka: ubalozi wao uko Nairobi, na sisi tuna wetu Tel Aviv tangu mwaka 2018. Kumpigia kelele mama wa Arusha kwa sababu amefunika mkate wa Sabato ni woga wa mtu aliyeshindwa kumfikia anayemtaka. Na chuki hii haina macho. Novemba 2002, pale Kikambala kaskazini ya Mombasa, walilipua hoteli ya Waisraeli. Walikufa Waisraeli watatu na Wakenya kumi, miongoni mwao wachezaji ngoma wa Kigiriama waliokuwa wakiwapokea wageni. Wakenya kumi! Hesabu hiyo irudieni kila mtu anapoanza kunoa ulimi.

Tabora ina kumbukumbu nyingine ambayo vitabu vyetu vya shule huipita haraka. Mwaka 1890 aliingia mjini mtu mdogo wa umbo, mwenye miwani, akapandisha bendera ya Ujerumani na kufunga mkataba na Waarabu wa Unyanyembe. Tunamjua kwa jina la Emin Pasha. Alizaliwa mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer, katika familia ya Kiyahudi ya Oppeln, Silesia. Alibatizwa angali mtoto. Ukubwani akajipa jina la Kiislamu alipokuwa akiwatumikia Waturuki na Wamisri. Akauawa Kongo mwaka 1892. Haijapita nusu karne kamili, nchi ile ile aliyoipandishia bendera hapa ikaanza kuwapeleka Wayahudi wa Ulaya machinjioni, waliobatizwa na wasiobatizwa, mpaka wakatimia milioni sita. Mzani wa kupima nani Myahudi na nani siye, Wanazi walikuwa nao, tena wenye kupima hadi bibi wa mama. Sioni sababu ya mtu yeyote kutamani kuwa na mzani wa namna hiyo, awe rabi, awe mchungaji, awe sheikh, awe karani wa uhamiaji.

Haya, msaada unaofaa ni upi? Mbale imekwisha kujibu. Gershom Sizomu, mtoto wa Abayudaya, alipelekwa Los Angeles kusomea urabi, akahitimu mwaka 2008. Akarudi. Hilo neno "akarudi" ndilo lenye thamani ya fedha yote iliyotumika. Badala ya kungoja marabi wa kupita na ndege, watu wakawa na rabi anayejua nani mgonjwa, nani kafiwa, nani anagombana na shemejiye. Wakajenga shule, na watoto wa Kikristo na wa Kiislamu wanasoma humo humo. Wakafungua kituo cha afya mjini Mbale, na malaria haimuulizi mtu anasali siku gani. Mwaka 2004 J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki wao, akawakusanya Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa miteremko ya Mlima Elgon katika ushirika mmoja wa kahawa, Mirembe Kawomera, wakapata mnunuzi California aliyewalipa bei ya kueleweka. Sisi wa tumbaku, tunaojua chama cha msingi kinavyoweza kumla mkulima kabla hajala yeye, tuna la kujifunza hapo kuliko kwenye semina zote tulizokalishwa.

Matunda yake? Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao karibu wote ni Wakristo na Waislamu, walimchagua Sizomu kuwa mbunge wao. Rabi! Katika nchi ambayo miaka 40 nyuma Uyahudi ulikuwa kosa. Hakuna cheti cha Yerusalemu kinachoweza kufanya kazi hiyo. Ilifanywa na dawa, na ubao, na bei ya kahawa.

Sasa mlinganishe na msaada wa aina nyingine, unaopendwa mno. Wageni wanashuka Ijumaa jioni na kamera, watoto wanapangwa mstari kuimba, picha zinapigwa, kofia na fulana zinagawiwa, Jumapili gari limeondoka. Nyimbo za Abayudaya ni nzuri kweli, zilitolewa kwenye albamu na Smithsonian Folkways mwaka 2003 na zikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Lakini hakuna jamii iliyowahi kuishi kwa kuimbiwa makofi. Mtoto akijifunza kwamba Uyahudi wake unahitajika siku mgeni yupo, mgeni akiondoka utaondoka naye.

Na sisi serikalini na mahakamani tuna deni. Chukua Jumamosi. Wasabato wamelia kwa miaka kuhusu mitihani inayoangukia siku yao, na Myahudi ana Sabato hiyo hiyo. Uganda, wanafunzi Wasabato waliishtaki Makerere wakashindwa hadi Mahakama ya Juu. Kenya, Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2017 kwamba wanafunzi Wasabato wapewe nafasi ya ibada yao. Kwetu Katiba, ibara ya 19, inatoa uhuru wa dini bila kuweka idadi ya chini ya waumini. Haisemi kwamba uhuru huanza mkifika elfu kumi. Chukua machinjio: tumesahau kule Buseresere, Geita, Februari 2013, jinsi ugomvi wa nani achinje ulivyomwaga damu ya mtu? Myahudi anahitaji kuchinja mwenyewe kwa kanuni zake, kuku na mbuzi wake, bila kugeuzwa upande wa tatu katika vita isiyomhusu. Mruhusuni. Chukua makaburi, chukua usajili wa jumuiya ndogo ambayo haina mwanasheria wala mfadhili. Mambo hayo hayahitaji hisani ya mtu kutoka ng'ambo. Yanahitaji karani mmoja mwenye akili timamu na asiyenusa njama katika kila faili.

Kiswahili nacho kina wajibu wake. Kakungulu alimfikia Mungu wake kwa Kiluganda, kwa sababu Biblia ilikuwepo katika lugha yake. Wa Arusha anahitaji kuomba, kufundisha watoto na kuzika wafu wake kwa maneno anayoyaota usiku. Wafadhili wanapenda kupeleka vitabu vya Kiebrania na Kiingereza vyenye majalada ya ngozi. Vipelekwe, ila walipwe pia watafsiri wa vitabu vya sala, vya sheria za jikoni na vya hadithi za watoto. Reli hii inayopita Usinge inaishia Kigoma; ng'ambo ya ziwa kuna Kalemie, na kutoka huko njia inateremka hadi Lubumbashi, ambako Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walijenga sinagogi kubwa mwishoni mwa miaka ya 1920, katika mji unaosema Kiswahili. Ndugu zao waliobaki Rhodes walipelekwa Auschwitz mwaka 1944. Wengi wa waliookoka ni waliokuwa wamekwisha kuhama, baadhi yao kwenye maduka ya Katanga. Lugha hii imekwisha kuwahifadhi Wayahudi mara moja, na inaweza tena.

Basi ninyi marabi wa Los Angeles, New York na Yerusalemu: acheni kuwapima upya watu waliokwisha kupimwa na Amin. Ninyi wachungaji wa baragumu: mpendeni Myahudi aliye hai, mumwache na dini yake. Ninyi wa benchi la pili: hasira yenu ipelekeni inakostahili. Baraza la Mitihani, tazameni kalenda kabla ya kupanga ratiba. Na wewe msomaji uliye ng'ambo mwenye dola zako za kuchangia, usilete fulana. Lipa ada ya kijana mmoja wa Arusha au Kasuku asomee ualimu wa dini yake mpaka ahitimu, mkatie tiketi ya kurudi nyumbani, kisha mwache afanye kazi.